Isaac Murphy: chupa, sumu au mizani?

Tarehe 26 Agosti 1890, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Monmouth Park, New Jersey, Marekani, watazamaji walimwona mpanda farasi Isaac Murphy akiyumba juu ya tandiko kama gunia lililofungwa vibaya. Alikuwa amempanda Firenze, farasi jike ambaye wengi walikuwa wamemwekea pesa. Firenze akawa wa mwisho, na mbio zilipokwisha Murphy akaporomoka chini. Amelewa, watu wakasema, na magazeti yakasema hivyohivyo. Akafungiwa mwezi mzima.

Huyu hakuwa mpanda farasi wa kubahatisha. Alizaliwa Kentucky karibu na mwaka 1861, baba yake akafa akiwa askari wa upande wa Kaskazini katika vita vya kukomesha utumwa, na kufikia 1875 kijana alikuwa tayari uwanjani. Alishinda Kentucky Derby, mbio maarufu za farasi za kila mwaka, mwaka 1884 na tena 1890. Miezi miwili tu kabla ya aibu ya Monmouth, kule Sheepshead Bay, New York, alikuwa juu ya farasi Salvator aliyemshinda farasi mwenzake Tenny kwa tofauti isiyofika shingo, huku yeye ametulia kana kwamba yuko matembezini. Mwenyewe alihesabu ushindi 628 katika mbio 1,412, sawa na asilimia 44. Waliopekua kumbukumbu baadaye walipata 530 kati ya 1,538. Chukua hata hesabu hiyo ya kibahili: bado ni ushindi mmoja katika kila mbio tatu.

Kuhusu anguko lake, kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema alijimaliza mwenyewe: pesa nyingi, shampeni nyingi. Ya pili inasema alimalizwa, kwa sababu alikuwa Mweusi aliyewapita Wazungu kwa kipato na kwa sifa. Murphy mwenyewe alidai kwamba siku ile alipewa sumu.

Sumu haikuthibitishwa, na siwezi kuijengea hoja. Lakini dai la ulevi nalo linaruka jambo ambalo kila aliyefanya kazi mazizini alilijua. Wakati wa baridi Murphy alifika takriban kilo 63. Msimu ukifunguliwa alitakiwa ashuke karibu na 50, tena kwa wiki chache. Anayewajua mabondia wetu wanavyojikausha kabla ya kupanda kwenye mizani ataelewa, ila bondia hupima mara moja kisha akala. Mpanda farasi hupimwa kabla ya mbio, hupimwa tena baada ya mbio, na kesho yake hurudi palepale. Shampeni ilipendwa na wapanda farasi wa zama hizo kwa sababu hiyo hiyo: inachangamsha mwili usio na chakula bila kuongeza uzito. Kwa hiyo huenda pande zote mbili zina ukweli kidogo. Glasi ambayo mtu aliyeshiba hata haisikii humwangusha mtu mwenye tumbo tupu.

Hapo ndipo kambi ya pili inapopata taabu na mfano wa Fred Archer. Huyu alikuwa Mwingereza, Mzungu, kipenzi cha wenye vyeo, bingwa wa Uingereza mara 13 mfululizo. Alikuwa mrefu mno kwa kazi ile, akajinyima chakula miaka nenda rudi, na Novemba 1886, akiwa na homa na bado na majonzi ya mkewe aliyefariki baada ya kujifungua, akajipiga risasi. Alikuwa na miaka 29. Mizani haikuuliza rangi.

Isitoshe, Mei 1891 Murphy alishinda Derby ya tatu, ya pili mfululizo, juu ya Kingman, farasi aliyefunzwa na Dudley Allen, aliyekuwa pia mmoja wa wamiliki wake na ambaye naye alikuwa Mweusi. (Mbio zenyewe zilikuwa kichekesho: wapanda farasi wote waliambiwa wakae nyuma, basi wakajikokota kama wako mazishini.) Kwa hiyo mlango haukuwa umefungwa bado. Mwaka 1875, katika Derby ya kwanza kabisa, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa Weusi, na Mweusi wa mwisho kushinda, Jimmy Winkfield, alishinda 1902 kisha akaenda kutafuta riziki Urusi. Ufukuzaji wenyewe wa wapanda farasi Weusi ulikolea Murphy akiwa kaburini.

Ila ubaguzi si lazima ufunge mlango ndipo ufanye kazi. Kilichomtofautisha Murphy na wenzake ni bei ya kosa moja. Jina alilolijenga kwa miaka 15 liligeuka mchana mmoja, na tangu hapo kila alipopoteza mbio, chupa ilitajwa. Kwamba baadaye alikunywa kweli, naamini. Sioni ajabu.

Alifariki Lexington kwa nimonia, Februari 1896, akiwa na miaka kama 35. Alizikwa kwenye makaburi ya Weusi, na kaburi likasahauliwa mpaka lilipotafutwa miaka ya 1960. Mwaka 1967 mabaki yake yalihamishwa yakazikwa karibu na farasi maarufu Man o' War. Farasi huyo alizaliwa 1917, miaka 21 baada ya Murphy kufa.