Kabla ya Kumwambia Mteja Afute Vidakuzi, Ikagueni Seva

Nimesoma tena lile jibu la siku zote kutoka kwa huduma kwa wateja: futa vidakuzi (cookies, yaani vipande vidogo vya data ambavyo tovuti huhifadhi katika kivinjari), badilisha kivinjari, jaribu tena. Mteja aliyeandikiwa hivyo alikuwa ameingiza nenosiri sahihi katika cPanel, paneli ya kusimamia tovuti na barua pepe zilizo kwenye seva, akarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia na kuambiwa kwamba kidakuzi cha kipindi chake (session, yaani muda wake wa kuwa ndani ya paneli) si halali. Alifuata kila alichoelekezwa na bado hakuingia, kwa sababu diski ya seva ilikuwa imejaa.

Jambo hili linaniudhi kwa kuwa chanzo chake kinajulikana. Mtu anapoingia, paneli hukipa kivinjari chake kidakuzi chenye utambulisho wa kipindi, na seva nayo huandika faili ya kipindi hicho upande wake. Kwa cPanel, faili hizo hukaa ndani ya /var/cpanel/sessions. Ombi linalofuata likifika, seva hulinganisha viwili hivyo. Diski ikijaa, faili haiandikiki au hubaki tupu, na seva ikikosa cha kulinganisha humkataa mtu yule yule ambaye imetoka kulikubali nenosiri lake. Ujumbe unaotokea unataja kidakuzi, basi lawama yote humwangukia mwenye kivinjari, ilhali kidakuzi chake hakina kasoro yoyote.

Fundi akitumia amri ya df -h, inayoonyesha nafasi ya diski, na kuona nafasi ingalipo, asiridhike. Atumie pia df -i, inayohesabu inodi, yaani rekodi ambazo kila faili huhitaji moja yake. Seva iliyorundika faili ndogondogo, kama vile barua pepe za zamani na faili za vipindi vya PHP (lugha ya programu za tovuti) zisizosafishwa, yaweza kumaliza inodi zote huku gigabaiti nyingi zikiwa wazi, na hapo haiundiki faili mpya hata moja. Kisha afungue /usr/local/cpanel/logs/session_log, ambamo kipindi kinachoanzishwa huandikwa NEW na kinachoondolewa huandikwa PURGE. Ukaguzi wote huo ni wa dakika chache, na mteja hawezi kuufanya hata akitaka, kwa sababu hana mamlaka ya kuingia sehemu hizo za seva. Kumwagiza ahangaike na kivinjari kabla ya kuyatazama hayo ni kumwonea.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kufuta vidakuzi husaidia pale kidakuzi cha zamani kinapogongana na kipya. Wapo pia waliohifadhi alamisho ya anwani ya paneli yenye neno cpsess na tarakimu zake, yaani tokeni (alama ya utambulisho ya muda) ambayo hufa pamoja na kipindi chake. Hao waelekezwe kuhifadhi anwani inayoishia kwenye poti 2083 tu, namba ya mlango wa cPanel kwenye seva. Na si kila anayekataliwa amekwama kwa kidakuzi: saa ya seva ikipotoka, tarakimu za uthibitishaji wa hatua mbili nazo hukataliwa.

Anayeambiwa kwamba anwani yake ya IP imebadilika huenda ametoka kwenye Wi-Fi na kuhamia mtandao wa simu, na kwake jibu si kuuzima ukaguzi wa anwani ya IP ambao seva huufanya, kwani ndio unaomzuia aliyeiba kidakuzi asikitumie akiwa kwingine. Msimamizi anaweza kuchagua kiwango kisicho kikali, kinachoruhusu anwani kubadilika ndani ya mtandao mdogo ule ule, ingawa anayehama mtandao kabisa bado atalazimika kuingia upya.

Waundaji wa paneli nao wana sehemu yao. Uandishi wa faili unaposhindikana kwa kukosa nafasi, mfumo endeshi wa Linux huirudishia programu kosa lenye jina lake, ENOSPC, kwa hiyo sababu imekwisha kutajwa kabla mteja hajaona chochote. Nawaomba kosa hilo wampelekee msimamizi wa seva papo hapo, na mteja aandikiwe kwa lugha nyepesi kwamba tatizo liko upande wa seva na kwamba nenosiri lake ni sahihi.