Kama hakuna kinachobadilika, sasa urudi nyuma kufanya nini?

Kila ukikuta watu wanajadili vile vitabu vya Toshikazu Kawaguchi, vile vya mgahawa wa Tokyo ambapo mtu anakaa kwenye kiti anarudi zamani, lazima atokee mmoja aseme mimi nilikiacha katikati, maana kama ukirudi huwezi kubadilisha kitu basi safari yenyewe ya nini. Nimelisikia hili mara nyingi, tena kwa watu ambao nawaheshimu kwa usomaji wao, na kiukweli nawaelewa. Ila kila nikilisikia naumia kidogo, kwa sababu naona wanakilaumu kitabu kwa kile kile kilichokifanya kiwe kitabu.

Kwa ambaye hajasoma, kwa kifupi tu. Cha kwanza kilitoka Japani 2015, kwa Kiingereza kikaja 2019 kama Before the Coffee Gets Cold, halafu vikafuata vingine. Kuna mgahawa mdogo wa chini ya ardhi kwenye kichochoro, unaitwa Funiculi Funicula, una zaidi ya miaka mia, hauna AC lakini ndani kuna ubaridi, ukutani kuna saa tatu na ni ile ya katikati tu inayosema kweli. Kiti kimoja tu ndo kinasafirisha watu, na hicho kimekaliwa na mwanamke wa gauni jeupe ambaye ni mzuka, anasoma kitabu kutwa nzima, anainuka mara moja kwa siku kwenda msalani. Utamkuta tu mtu ambaye aliwahi kuingia mgahawa huo. Huruhusiwi kuinuka. Muda wako unaanza kahawa inapomiminwa, na ni lazima uinywe yote kabla haijapoa, usipofanya hivyo wewe ndo unabaki mzuka pale. Na sheria inayowaudhi watu kuliko zote: ufanye ufanyalo huko, ya leo hayabadiliki. Aliyekufa amekufa.

Sasa tuwape haki yao wanaolalamika. Sisi wote tumekulia kwenye sinema ambazo mtu akirudi nyuma ni kwa kazi maalum, kuzuia ajali, kuokoa mtu, kurekebisha kosa, na utamu wote upo kwenye lile swali la atawahi au hatawahi. Kawaguchi anakunyang'anya hilo swali ukurasa wa mapema kabisa. Halafu zile sheria anazirudia, anazirudia tena, kila mteja mpya anasomewa upya kama vile sisi hatukuwepo alipokuja yule wa jana. Ukisoma vitabu viwili mfululizo unaanza kuruka mistari. Hapo siwezi kumtetea sana. Ninachoweza kusema ni kwamba hadithi hii ilianza kama mchezo wa kuigiza, Kawaguchi mwenyewe ni mtu wa jukwaani, alikuwa anaandika na kuongoza kikundi cha maigizo, na mchezo huo ulipata tuzo kuu kwenye tamasha la maigizo la Suginami pale Tokyo. Ukijua hilo mengi yanaeleweka, kwanini kila kitu kinatokea chumba kimoja, kwanini mlango una kengele na kila mtu anaingia kwa kengele, kwanini nguo za mtu zinaelezwa kichwa mpaka miguu kama orodha ya mshonaji. Jukwaani inafanya kazi, kwenye karatasi inachosha. Sawa, nimekubali.

Ila turudi kwenye ile sheria, maana ndo kiini cha ugomvi.

Chukua stori ya Hirai, ya tatu kwenye kitabu cha kwanza. Hirai ana baa yake ndogo jirani na mgahawa, alikimbia kwao Sendai ambako familia ina nyumba ya wageni, alitakiwa airithi yeye kama mkubwa akakataa, wazazi wakamkana, mzigo ukamwangukia mdogo wake Kumi. Kumi anakuja Tokyo kila mara kumtafuta dada yake. Hirai anajificha. Siku ya mwisho kajificha nyuma ya kaunta, yaani mdogo mtu yupo pale pale mita chache, dada mtu kachuchumaa chini anasubiri aondoke, na barua aliyoachiwa akasema itupwe. Kumi akiwa njiani kurudi nyumbani akafa kwenye ajali ya gari.

Hirai anakalia kile kiti. Anajua kabisa hawezi kumwambia usipande gari, au tuseme anaweza kumwambia ila gari litagonga tu. Sasa anaenda kufanya nini? Anaenda kugundua kitu ambacho alikuwa amekikosea kwa miaka yote. Yeye aliamini Kumi anamchukia kwa kumwachia mzigo, ndo maana alikuwa anajificha, alikuwa anaikimbia lawama. Kumbe mdogo wake ndoto yake ilikuwa moja tu, kuendesha ile nyumba ya wageni pamoja na dada yake. Hirai anapomwambia nitarudi nyumbani, Kumi analia kwa furaha. Anatoka pale bado ana masaa machache ya kuishi, na ni masaa ya furaha.

Hapa ndo nakaa muda mrefu kila nikisoma. Maana tunasema hakuna kilichobadilika, na ukweli ni kwamba kwenye rekodi za polisi hakuna kilichobadilika, ajali ni ile ile, siku ni ile ile. Lakini yule aliyekufa, alikufa akiwa anajua nini? Na yule aliyebaki, anaomboleza mdogo mtu gani, yule wa kichwani mwake aliyekuwa akimlaumu au yule wa kweli aliyekuwa akimsubiri? Mimi naona hayo ni mabadiliko makubwa kuliko kuzuia ajali. Ukizuia ajali umeandika hadithi ya bahati. Ukiiacha itokee, halafu ukamfanya Hirai arudi akiwa na maumivu makali zaidi lakini ya kweli, umeandika hadithi ya msiba.

Kiswahili chetu kinasema marehemu ameaga dunia. Liangalie hilo neno. Kaiaga dunia, sisi je? Kuaga ni kwa mtu mmoja, kuagana ni kwa wawili, na vifo vingi, hasa vya ghafla, haviachi nafasi ya hiyo "-na" ya mwishoni mwa neno. Tunapanga mstari kuuaga mwili na mwili haujibu. Mimi nina baba mdogo ambaye alinipigia simu nikaiangalia ikiita, nikasema nitampigia jioni, na jioni haikufika kwake. Sijawahi kutamani kurudi nyuma ili nimzuie asife, alikuwa anaumwa, nilijua. Natamani kurudi niipokee tu ile simu. Nadhani kuna watu wengi wa namna hiyo, ambao hawataki muujiza mkubwa, wanataka dakika chache, na Kawaguchi ameandika kwa ajili yao. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo analikubali tangu mwanzo na wala hashindani nalo, anachouliza ni je, mtu anaweza kuinama mara moja pale yalipomwagikia?

Na kuna kidude kidogo kwenye kitabu ambacho wanaolalamika hawakitaji kabisa. Ukienda kumwona mtu aliyekufa, Kazu, yule binti anayemimina kahawa, anakuwekea kwenye kikombe kijiti fulani kama cha kukorogea ambacho kitalia kahawa ikikaribia kupoa. Anayekwenda kumwona mtu aliye hai hahitaji. Ni kwa wanaokwenda kwa wafu tu, kwa sababu hao ndo wanaosahau kunywa, hao ndo miguu inagoma kuondoka. Kwenye kitabu cha pili yupo Yukio, kijana mfinyanzi kutoka Kyoto, anakwenda kumwona mama yake akiwa amekusudia kabisa kutorudi, yaani aiache kahawa ipoe. Mama anashtuka kuwa mwanae hayuko sawa, na anayemfanya ainywe ile kahawa ni mama mwenyewe. Sasa mtu akiniambia hizi ni hadithi laini za kujifariji namuuliza, hiyo nayo ni laini?

Kuna jambo lingine la Japani kwenyewe ambalo linanifanya nione Kawaguchi hajabuni kitu cha hewani. Kwenye mji mdogo wa Otsuchi, mkoa wa Iwate, bwana mmoja Itaru Sasaki aliweka kibanda cha simu bustanini kwake mwaka 2010 baada ya binamu yake kufa, simu ya zamani ya kuzungusha namba ambayo waya wake hauendi popote. Tarehe 11 Machi 2011 ikaja tsunami, Otsuchi ikapoteza karibu mtu mmoja katika kila watu 10, na Sasaki akawafungulia watu wote kibanda chake. Watu walitoka mbali kwenda kuinua simu isiyo na mtu upande wa pili. Wakaongea na waume, na watoto, na wazazi ambao bahari haikuwarudisha. Hakuna aliyedhani atajibiwa. Hakuna aliyedhani bahari itabadili uamuzi. Na bado walipanga foleni. Ukimwambia mtu aliyetoka mle ndani kwamba simu ile haina faida kwa sababu haikubadilisha kitu, sijui atakujibu nini, lakini mimi nisingethubutu kumwambia.

Pia tukumbuke tafsiri ya Kiingereza ilitoka 2019 na mwaka uliofuata ndo Corona ikafunga dunia, watu wanakufa hospitalini peke yao, mazishi ya watu wachache, kuaga ni kwenye skrini ya simu kama nesi ana huruma. Sisemi ndo sababu pekee vitabu hivi vikasambaa vile, ila sishangai kwamba kitabu kinachosema huwezi kumrudisha ila unaweza kukaa naye kwa muda wa kikombe kimoja kiliwapata wasomaji wengi miaka ile.

Lawama moja ambayo mimi mwenyewe inanisumbua, na sijaimaliza, ni hii ya wanawake. Ukiangalia vizuri kitabu cha kwanza, wanaolipa gharama ni wanawake. Hirai anaacha baa yake na uhuru wake anarudi Sendai kutimiza ahadi. Kei ana moyo mbovu, anaamua kuzaa akijua kuzaa kutamuua, anasafiri kwenda mbele, maana kiti kinapeleka hata siku zijazo, kumwona tu binti yake. Kohtake ni nesi, mume wake Fusagi ana Alzheimer's, kamsahau hata kuwa ni mke wake, na yeye anaamua kubaki. Mtu anaweza kusoma hapo akasema kahawa hii inawatuliza wanawake wakubali. Na kwa Hirai hasa naona uzito, maana ahadi kwa maiti haina mlango wa kutokea, ukishamwahidi mtu anayekufa utamrudia lini kumwambia nimebadili mawazo? Nimelifikiria sana hilo na sina jibu la kulifuta.

Ila hata hapo naomba tusome taratibu. Barua ya Fusagi, ambayo Kohtake alirudi kuichukua, haisemi nivumilie. Inasema kinyume, kwamba akiwa amemsahau asikae naye kama nesi, wala kwa huruma, na maisha yakiwa magumu aondoke, yeye anachotaka ni wawe mume na mke tu. Mwanaume huyo aliandika akijua kichwa chake kinamtoka, na alichotumia nguvu zake za mwisho kuandika ni kumpa mke wake ruhusa ya kuondoka. Kohtake anaporudi anaomba waanze tena kumwita kwa jina la mume. Amechagua, na amechagua akiwa na mlango wazi mbele yake, kitu ambacho Hirai hakupata. Kwa hiyo siyo kweli kwamba wote wanafundishwa somo moja.

Na wapo wanaosema msiba hapa unaisha haraka mno, mtu anakunywa, analia, anarudi kapona. Hii ina ukweli zaidi vitabu vya baadaye, pale hadithi zinapohamia Hakodate huko Hokkaido, unaanza kuona fomula, machozi yanakuja kwa ratiba. Kama mtu anaanza leo ningemwambia asome viwili vya kwanza, apumzike.

Lakini kwa hivyo viwili vya kwanza lawama hiyo haishiki, na sababu imekaa kwenye kiti tangu ukurasa wa mwanzo. Natoa siri hapa, ambaye hajafika kitabu cha pili aruke. Yule mwanamke wa gauni jeupe alikwenda kumwona mumewe aliyekufa na hakunywa kahawa kwa wakati. Ni mama yake Kazu. Na aliyemmiminia kikombe kile ni Kazu mwenyewe akiwa mtoto. Kwa maana hiyo kila mteja anayerudi akifuta machozi na moyo mwepesi, amekaa kwenye kiti cha mtu ambaye kwake kuagana hakukutosha, na aliyempeleka ni binti ambaye hajapona chochote, ndo maana sura yake haionyeshi kitu. Kuna wakati Kohtake yuko pale anataka kiti kiwe wazi, mzuka hainuki, basi Kazu anamsogelea anamuuliza unaongezewa kahawa? Yule mama hakataagi. Anakunywa. Kazu anamuuliza tena, anammiminia tena. Mara ya kwanza nilisoma nikidhani ni ujanja tu wa kumfanya aende msalani. Niliporudia baada ya kumaliza cha pili nilishindwa kuendelea pale, kwa sababu nilikuwa naangalia mtoto anamhudumia mama yake, kikombe baada ya kikombe, na mama anashukuru kama anavyomshukuru mhudumu yeyote.