Pop imeuharibu muziki wa kantri, au imeulisha?

Nchini Kenya ukitaja kantri mbele ya watu wa rika la wazazi wetu, utajibiwa kwa majina: Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers. Halafu hakosi mmoja wa kulalamika kwamba kantri ya siku hizi si kantri tena, imeingiliwa na pop. Lalamiko hilo nimelisikia mara nyingi, na sipendi kulipuuza, maana lina ukweli ndani yake.

Lakini hebu tuzitazame nyimbo zao wenyewe. "Islands in the Stream", waliouimba Kenny Rogers na Dolly Parton mwaka 1983, ulitungwa na kundi la Bee Gees, wale wale wa disko. Ulishika namba moja Marekani kwenye chati ya pop na ya kantri pia. "Lady" wa 1980 ni utunzi wa Lionel Richie. Kenny mwenyewe alitokea kwenye bendi iliyopiga roki. Hata sauti laini ya Jim Reeves ilipambwa kwa makusudi: roki ya kina Elvis Presley ilipowavuta vijana, maprodyuza wa Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha kantri, kama Chet Atkins walipunguza fidla ya kijijini na gitaa la chuma ("steel guitar", lenye sauti ya kuteleza), wakaleta okestra na waitikiaji, ili wimbo upenye redio za pop.

Sasa jiweke mahali pa mpiga fidla wa wakati huo. Ameukuza muziki huu vilabuni usiku kucha, na leo studio haimhitaji. Uchungu wake ni wa haki. Mwaka 1974 tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri, ya mwimbaji bora wa kike ilipokwenda kwa Olivia Newton-John, nyota wa pop aliyekulia Australia, wasanii wa Nashville walikusanyika nyumbani kwa waimbaji wa kantri George Jones na Tammy Wynette wakaunda chama cha kutetea kantri. Mwaka uliofuata mwimbaji wa kantri Charlie Rich alipanda jukwaa la tuzo hizo kumtangaza msanii bora. Akafungua bahasha, akatoa kiberiti cha gesi, akaichoma mbele ya kamera karatasi yenye jina la John Denver, aliyeonwa na wengi kuwa mtu wa pop.

Na Charlie Rich huyo alianzia Sun Records ya Memphis, nyumba ile ile iliyomtoa Elvis, na "Behind Closed Doors" yake ya 1973 ilipigwa kwenye pop kama ilivyopigwa kwenye kantri. Kwa hiyo mimi siamini kwamba kuchanganya ndiko kosa. Kinachoniuma ni mlango kufunguliwa kwa wengine na kubanwa kwa wengine. Newton-John alilalamikiwa, lakini tuzo aliondoka nayo. Mwaka 2019 Lil Nas X, kijana mweusi wa Georgia, aliondolewa na Billboard, jarida linalopanga chati za Marekani, kwenye chati ya kantri kwa maelezo kwamba wimbo wake "Old Town Road" haukuwa na ukantri wa kutosha. Sauti ya banjo (ala ya nyuzi) ya wimbo huo ilichukuliwa kwa Nine Inch Nails, bendi ya roki. Na banjo yenyewe asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani. Kwenye chati kuu wimbo huo ulikaa namba moja wiki 19.

Mfano unaonipa moyo ni "Fast Car". Tracy Chapman aliutoa mwaka 1988, na hakuna aliyeuita kantri. Mwaka 2023 Luke Combs, mwimbaji mzungu wa kantri, akaurudia karibu bila kugeuza maneno, hata pale msimulizi ni msichana wa kaunta ya dukani, ukaongoza redio za kantri. Chapman akapata tuzo ya CMA ya wimbo bora wa mwaka, mtunzi mweusi wa kwanza kuipata. Februari 2024, kwenye jukwaa la Grammy, alizipiga nota zile za mwanzo kwa gitaa lake, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Alipoanza kuimba, Combs alisimama pembeni akimtazama, midomo yake ikiyafuata maneno bila kutoa sauti.