Nani atakuja kukuchukua?

Muuguzi alikuwa ameshanieleza habari za sindano, vipimo na dawa ya usingizi, kisha akauliza huku kalamu ikiwa juu ya fomu: "Siku ya kutoa mayai, nani atakuja kukuchukua?" Aliyepewa dawa ya usingizi haruhusiwi kuondoka peke yake. Miaka 6 niko Uingereza, nikabaki kimya nikitafuta jina.

Nilikwenda pale kliniki ili nimchangie mayai yangu ya uzazi rafiki yangu wa kazini, ambaye hedhi ilimkoma kabla hajafika miaka 40. Wanawake wengine wachangiaji tuliozungumza nao walikuwa na sababu zao. Mmoja amemaliza kuzaa, anaona mayai yanapotea bure kila mwezi. Mwingine, mwanafunzi, alisema bila kupepesa macho kwamba ana madeni. Sioni aibu iko wapi, ingawa huku hatatajirika: kuuza mayai ni marufuku, unapewa fidia yenye kikomo. Marekani ndiko pesa inaweza kuwa nyingi kiasi cha kumziba mtu masikio anapoelezwa hatari.

Nikampigia dada nyumbani. "Si utayamaliza?" Kila mwanamke huuliza hivyo. Lakini kila mwezi vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua, kwa kawaida kimoja hukomaa na vingine hufa. Sindano za siku 10 hivi huokoa vile ambavyo vingekufa vyenyewe. Swali lake la pili ndilo lililonibana: "Na mtoto akija kukutafuta?" Nikamwambia huku siri hiyo imeondolewa. Aliyechangia mayai kupitia kliniki tangu Aprili 2005, hata kwa watu asiowajua, mtoto akitimiza miaka 18 ana haki ya kuambiwa jina la mchangiaji. Malezi hayanihusu kisheria, ila anaweza kunijua. Dada akashusha pumzi, akauliza kama nimekula.

Mimi sindano hazinitishi. Kinachonitisha ni ovari kuchochewa kupita kiasi: tumbo linajaa maji, kupumua kunakuwa kwa shida, hata damu inaweza kuganda. Hali kali ni nadra, na madaktari hubadilisha dawa wakiona dalili mapema. Lakini mara nyingi balaa hilo huja siku chache baada ya mayai kutolewa, ukiwa umesharudi kwako. Kwangu ni chumba kimoja, ghorofa ya tatu, na jirani tunayesalimiana kwa kutikisa vichwa.

Ndiyo maana siwaelewi wenzangu wanaosema huku ni salama, nyumbani ni hatari, basi. Huku karatasi zinanilinda kweli: naweza kubadili nia hadi dakika kiinitete, yaani yai lililorutubishwa, kinapowekwa tumboni mwa mwenzangu, na mshauri wa kuzungumza naye yupo. Nyumbani karatasi kama hizo sijawahi kuziona. Ila nyumbani wangekuja kunichukua watu watano wakigombania mkoba wangu, na mama angelala mlangoni akisikiliza ninavyopumua. Hatari ni ileile. Tofauti ni nani atakayeiona kwanza.

Mwishowe niliandika jina la rafiki yangu yule. Muuguzi akalisoma, akaniangalia. "Hakuna mwingine," akauliza taratibu, "ambaye hasubiri mayai haya?"

Fomu bado iko kwenye droo, nafasi hiyo iko wazi.