Udongo wa Denmark na mchwa wa Kilwa

Ndugu wakija kunitembelea Copenhagen, kabla hatujaenda popote nawapeleka Makumbusho ya Taifa wakamwone binti wa Egtved, msichana wa kale aliyeitwa kwa jina la kijiji alikofukuliwa. Amelazwa kwenye gogo la mwaloni lililochongwa likawa jeneza. Wataalamu wamezihesabu pete za mti ule: ulikatwa mwaka 1370 kabla ya Kristo. Mkulima mmoja alilikuta jeneza mwaka 1921, alipokuwa akisawazisha tuta shambani kwake. Binti alikufa akiwa na miaka kati ya 16 na 18. Mifupa yake imeyeyuka yote. Zimebaki nywele, meno, kucha, na nguo.

Nguo zenyewe sasa! Blauzi ya sufu inayofika viwikoni. Sketi fupi ya kamba za sufu zinazoning'inia. Kiunoni mkanda, na juu ya tumbo bamba la bronzi lenye nakshi za mizunguko. Miguuni ndoo ndogo ya gome la mti iliyokuwa na pombe ya ngano na asali. Kando yake kitita cha mifupa iliyochomwa ya mtoto wa miaka 5 au 6. Siku ya kwanza nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniambia wanafunga.

Kilichomtunza ni maji. Waliomzika walirundika mapande ya udongo wenye nyasi juu ya jeneza. Katikati ya tuta pakalowa, na madini ya chuma yakagandana yakawa ganda gumu lililozunguka pale katikati pote. Maji hayakutoka, hewa haikuingia, na pasipo oksijeni vijidudu vinavyoozesha vitu havifanyi kazi yake. Ndiyo maana Wadenmaki wanaujua mshono wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita.

Mimi ni mtu wa Kilwa. Kwetu kuna joto, mvua na mchwa, na ukiacha mlango wa mninga chini kwa masika mawili utakuta umekuwa vumbi. Kule Kisiwani wachimbaji wamepata mawe, vigae, shanga na sarafu za masultani. Nguo hakuna. Basi siku moja mwenzangu wa kazini, mtu mwema kabisa, akaniuliza watu wa kwetu walivaa nini kabla ya meli za Wazungu kufika. Niliumia, kwa sababu niliona alikotoa swali: kwao zamani iko kabatini na ina vifungo, na kwetu kabati ni tupu.

Lakini Kilwa wachimbaji wamepata pia vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa tundu katikati. Hivyo ni vizito vya kusokotea uzi wa pamba. Uzi umeliwa, kijiti kimeliwa, kigae kimebaki kutoa ushahidi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani yetu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa hadi Misri. Na Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jinsi wafumaji wa Sofala, pwani ya Msumbiji, walivyonunua vitambaa vya buluu kutoka Cambay huko India, wakavifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Hebu fikiria subira ya mikono hiyo. Nilimsimulia mwenzangu habari hii chakula cha mchana kizima.

Nikamwambia na jambo lingine. Hata tuta la Egtved lisingetutunzia sisi kitu. Maji yake yana asidi. Yanahifadhi sufu na nywele, lakini nyuzi za mimea kama kitani na pamba huisha. Mfumaji wa Kilwa angezikwa pale na shuka lake, leo tungesema alizikwa uchi.

Nilimtumia shangazi picha ya binti kwenye kioo chake. Akanijibu kwa sauti: "Mwanangu, hana ndugu wa kumsitiri?" Sikuwa na jibu. Kwetu maiti anazikwa siku ileile kwa sanda nyeupe, na sanda ni ya kwenda na mwenyewe ardhini. Nisingependa bibi yangu awekwe kwenye kioo watu wamtazame. Na bado natamani mno kujua bibi wa bibi yake alivaa nini. Mawili haya ninayo moyoni kwa pamoja na sijaweza kuacha hata moja.

Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba walio hai hawana sababu ya kumwachia mchwa kila kitu. Bibi aliacha sanduku la kanga, mojamoja likiwa na kisa chake: hili la arusi, hili la kuzaliwa mama. Niliporudi baada ya miaka sita, sanduku lilikuwa limewekwa moja kwa moja kwenye sakafu ya udongo. La chini kabisa lilibaki pindo tu. Maneno yake yameliwa, na aliyeyajua amekwisha kufa.

Yaliyosalia ni kumi na manne. Mjomba amelinyanyua sanduku juu ya mawe, na kila Ijumaa shangazi ananipigia picha kanga moja kisha ananisimulia lilinunuliwa lini, kwa nani, na kwa sababu gani. Tumefika la tisa.