Teknolojia ya muziki A-level: dogo anaenda kusoma au kupiga biti?

Dada yangu wa Leicester kanipigia simu saa nne usiku, nikajua kuna msiba. Kumbe ni kombi. Mwanae kamaliza GCSE, mitihani yao kama ya form four, anaingia sixth form, yani form five na six ya huku Uingereza, na huku hamna cha PCM wala HGL, mtoto anachagua mwenyewe masomo yake matatu, na huyu kachagua hesabu, fizikia na teknolojia ya muziki. "Kaka, mtoto anataka kuwa DJ," ndo maneno yake, alafu akaanza kulia kidogo.

Mimi ni fundi mitambo, nafunga spika na maiki kwenye maharusi ya watu wetu wikiendi, kwa hiyo dada aliona nitamtetea dogo tu. Sio hivo. Nina mashaka na hili somo, ila mashaka yangu sio yale ya dada.

Tuondoe kwanza hilo la DJ. A-level ya teknolojia ya muziki kwa England inatahiniwa na bodi moja tu, Pearson Edexcel, na silabasi ya sasa ilianza kufundishwa 2017. Ina sehemu nne: kurekodi wimbo asilimia 20, kutunga kwa kompyuta asilimia 20, mtihani wa kusikiliza na kuchambua wa saa moja na nusu asilimia 25, alafu mtihani wa saa mbili na robo ambao unakaa mbele ya kompyuta unapewa vipande vya sauti vya bodi uvirekebishe na kuvimiksi, huo ni asilimia 35 na ndani yake kuna insha. Piga hesabu, asilimia 60 iko kwenye chumba cha mtihani. Na humo kuna desibeli, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, kuna kusoma grafu za mawimbi, kuna historia ya kurekodi kuanzia zile enzi za miaka ya 1930 bendi nzima inacheza kwa mpigo mmoja mpaka tepu za njia nyingi, kila chombo na njia yake, mpaka haya ya laptopu. DJ gani huyo.

Niliona mwenyewe thamani yake gereji kwangu. Dogo alikuja mwezi wa saba nikampa snea, ile ngoma ndogo kali ya kwenye drams, nikamwambia irekodi kwa maiki mbili, moja juu moja chini. Ikatoka nyembamba kama mtu anagonga kopo la maziwa. Akahangaika na ekwalaiza kama dakika ishirini, anapandisha besi, anashusha, anapandisha tena, haijai. Nikanyoosha mkono nikabonyeza kile kitufe cha kugeuza fezi, yani kupindua wimbi juu chini, kwenye maiki ya chini, mara moja tu, na ngoma ikajaa chumba. Akanyamaza. Nikamweleza, fimbo ikipiga, ngozi ya juu inaikimbia maiki ya juu na ngozi ya chini inaifuata maiki ya chini, kwa hiyo wimbi moja linapanda wakati lingine linashuka, ukiyajumlisha yanakulana. Akasema mjomba si hii ndo ile ya mawimbi ya fizikia. Ndo hiyo hiyo! Miaka miwili ya hesabu na fizikia ukiwa na mahali pa kuzisikia kwa masikio, mi sioni hasara.

Sasa mashaka yangu. La kwanza ni watoto wenyewe. Wengi wanaingia kwa sababu wanatengeneza biti chumbani na ni wakali kweli, wakifika wanakuta ile kazi ya kurekodi inataka vyombo visivyopungua vitano, na wimbo lazima utoke kwenye orodha ya bodi, sio wa kwako wewe na wana, yani utafute mpiga drams, mpiga gitaa, mwimbaji anayefika kwa wakati (huyo ndo kazi kumpata, niulizeni mimi), upange maiki. Mtu aliyezoea kila kitu ndani ya hedifoni hapo anachoka mapema sana.

La pili, na hili ndo kubwa kwangu, vifaa. Kemia ikifundishwa vibaya utaisoma kwenye kitabu ukafaulu, ila kurekodi drams bila chumba, bila maiki za kutosha, bila mwalimu aliyewahi kufanya, hutoboi. Kuna chuo nilienda kufunga spika, wana studio moja nzuri inang'aa, mlangoni ratiba ya foleni imejaa wiki tatu mbele. Na programu ya kurekodi ya Logic kwa upande wa kompyuta inakubali Mac tu, kwa hiyo nyumbani kama hamna Mac dogo anasubiri foleni au anahamia programu nyingine.

Chuo kikuu? Pointi za UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu, hazibagui, alama A ya somo hili ni 48 na A ya fizikia ni 48. Ila pointi sio kila kitu, baadhi ya kozi za uhandisi wa sauti zinataka hesabu, na vyuo vingi vya udaktari vinataka kemia, kwa hiyo swali la kweli ni umeliweka pamoja na nini.

Kuna watu watakwambia mbona maprodyuza wa bongo wamejifunzia vyumbani kwa washkaji na hawana cheti chochote. Kweli. Hata huku, rapa Dizzee Rascal aliyechukua tuzo ya albamu bora ya Mercury 2003 akiwa hajafika hata miaka 20 hakupitia A-level. Lakini watu wanasahau kwamba biti zake za mwanzo alizitengenezea shuleni, kwenye kompyuta ya darasa la muziki mashariki ya London, na mwalimu akamwacha akae hapo. Cheti hakuwa nacho, chumba alikuwa nacho. Na hicho chumba sixth form unakipata bure, ukisubiri ukakitafute chuo kikuu ada kwa 2025/26 ilikuwa mpaka pauni 9,535 kwa mwaka, deni linakufuata mpaka unaoa.

Kwa hiyo nilimwambia dada siku ya kujiandikisha asiulize matokeo, aulize kila mtoto anapata masaa mangapi studio kwa wiki, na drams zinakaa zimefungwa au zinafungwa upya kila mtu akiingia. Kaenda, kaniandikia: wako tisa, masaa mawili kila mmoja, drams hazitoki chumbani. Mimi hapo ningesaini.

Ila jana dogo kaja na jipya, anataka atoe fizikia aweke biashara ili apate kupumua. Hapo mimi na dada tumekuwa kitu kimoja kwa mara ya kwanza tangu simu ile.