Skrini za Rotterdam na gunia la Isyonje

Wana Mbeya habari zenu, na ugonile kwa wale wa Tukuyu na Kyela. Mi ni mtoto wa Uyole, mwaka wa tisa sasa nipo Uholanzi, Rotterdam, na kazi yangu ni kudizaini programu za mnyororo wa ugavi za makampuni makubwa, yaani zile skrini ambazo mtu wa ghala au mtu wa mipango anafungua asubuhi anaona mzigo gani umefika, upi bado uko baharini, stoo imebaki nini na oda ipi itachelewa. Mi ndo naamua grafu ikae wapi, rangi iwe gani, namba ipi iwe kubwa na ipi ijifiche mpaka mtu aibonyeze. Mama akiniulizaga nafanya nini huku huwa namwambia nafanya mzigo uonekane.

Sasa kila nikipiga simu nyumbani hakosi mtu wa kuniambia rudi bwana, tutengenezee app ya wakulima, wenzetu huko wana mifumo sisi hatuna. Nilishajaribu. Nilichokikuta ndo kimenifanya niandike.

Huku kabla hujachora hata mstari mmoja unaulizwa hiki kitu kinahesabiwa kwa kipimo gani, kilo, katoni au paleti, yaani lile jukwaa la mbao la kupangia mzigo. Paleti ya Ulaya ni sentimita 120 kwa 80, uwe Ujerumani uwe Ufaransa ni hiyohiyo, programu nzima inasimama juu ya makubaliano ya namna hiyo. Na viazi je, maana hawa Waholanzi ni watu wa viazi kweli, ndo wanaongoza duniani kwa kuuza nje mbegu za viazi, bei yao sokoni inatajwa kwa kilo 100. Kwa hiyo grafu ya bei ya mwaka mzima unaichora haraka tu na unaiamini, kwa sababu kila nukta kwenye ule mstari ina uzito uleule.

Na sheria yetu sisi inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mia ileile! Ila mliokulia kule juu milimani mnaijua lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo.

Mwaka 2023 nilikuja likizo mwezi wa sita, nikakaa kwa mama mdogo kijijini Isyonje, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Nikamtengenezea yeye na majirani zake kitu kidogo tu cha kwenye simu, kila anayeuza anaingiza magunia mangapi ya viazi na kauza shilingi ngapi, mi nawachorea mstari wa bei ili dalali akija na bei yake wawe na cha kumjibu. Nikarudi Uholanzi nikawa naufuatilia ule mstari, unaruka juu unashuka, wiki moja majirani wawili wanaopakana mashamba wanatofautiana bei hatari, nikadhani wanakosea kuandika. Nikampigia mama mdogo, shikamoo, marahaba, nikamuuliza, akaniambia mwanangu bei ni moja, magunia ndo hayalingani.

Basi likizo iliyofuata nilienda kusimama shambani siku ya kupakia. Kijana wa mnunuzi anajaza gunia mpaka mdomoni, halafu anaanza kupanga viazi vikubwavikubwa kuzunguka ukingo kama mtu anajenga ukuta, anaongeza katikati, anashindilia kwa goti, anapanga tena, anakuja kushona juu kwa kamba na kile kilemba kimekaa kama gunia lingine dogo juu ya gunia. Mama mdogo amejifunika kitenge mabegani anahesabu, moja, mbili, tatu. Niliazima mzani kwa mwenye duka la mbolea nikapima sita nilizowahi: 118, 124, 129, 133, 137, 141. Jumlisha ni kilo 782. Kwenye daftari lake ni gunia sita, kwenye fuso ni karibu nane.

Mi hapo dashibodi yangu, ile skrini ya mstari wa bei, niliifuta siku ileile, kwa sababu ilikuwa inachora uongo kwa rangi nzuri.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki, mzigo huohuo ukishaingia barabara kuu kuelekea Dar, kilomita zaidi ya 800, lori linapandishwa kwenye mizani za barabarani na linapimwa kweli, ekseli kwa ekseli, kwenye kompyuta, likizidi faini inatozwa. Sawa kabisa, barabara ni mali yetu na inaharibika. Lakini ina maana kupima tunajua, vifaa tunavyo na watu wa kuvisoma wapo, ila kilo zinaanza kuhesabiwa viazi vikiwa vimeshatoka mikononi mwa aliyevilima.

Msidhani huku kila kitu ni sawa lakini, hapana. Huku watu wanaiamini skrini kupita kiasi. Kuna kampuni tuliifanyia kazi, mfumo unaonyesha vipuri vya aina fulani vipo elfu nne na rangi ni ya kijani miezi na miezi, kumbe rafu tupu, na mtu wa mipango aliyekuwa anawapangia wateja hivyo vipuri hajawahi kukanyaga lile ghala na lipo mwendo wa dakika ishirini. Machi 2021 ile meli ya Ever Given ilipokwama mfereji wa Suez ilikuwa inakuja hapahapa Rotterdam, siku sita tulikuwa tunaangalia kanukta kwenye ramani hakasogei, na maofisini watu hawakujua wamwambie nini mteja. Kwetu semi ikilala mlima Kitonga, njia ya Dar, utingo anapiga simu moja, nusu saa Uyole nzima wanajua, na dalali ameshaanza kufikiria bei ya kesho. Hiyo ni taarifa inayotembea, na inatembea kwa watu wanaoujua mzigo kwa kuushika. Mi sikubali mtu akisema kule hakuna mfumo.

Na mimi nilichukua hiyo tabia ya nyumbani nikaileta kazini. Sichori tena skrini ya ghala kabla sijakaa siku mbili ndani ya hilo ghala. Mara ya kwanza tu nilipofanya hivyo mzee mmoja wa zamu ya asubuhi aliniambia rangi yangu nyekundu na kijani kwake zote ni moja, na huku wanaume wenye shida hiyo ya macho ni kama mmoja kati ya kumi na wawili. Mwaka mzima alikuwa anakisia. Tukaweka bluu na alama za maumbo tofauti.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaosema rudi utengeneze app ni kwamba hela ya app tununulie mizani kwanza. Na isiwe ya mtu mmoja, hilo tumeshaliona, mama mdogo alinunua wake mwaka jana akamwambia mnunuzi leo tunauza kwa kilo, jamaa akawasha fuso akaenda shamba la jirani kujaza lumbesa. Siku nne viazi vimekaa chini ya majani. Kijiji kizima kikipima hana pa kwenda, na mizani ikishasoma ndo grafu inakuwa na kazi.

Mpaka sasa tumeongea na familia kumi na moja za kule juu, Disemba nakuja na mizani minne. Jana mama mdogo kaniuliza, baba, hiyo unayoleta ni ya kuning'iniza au ya kukaa chini, maana huku mashambani miti ya kuning'inizia tulishakata yote. Mi nilikuwa nimeshalipia ya kuning'iniza. Leo nimepiga simu dukani wabadilishe.